Siku Moja Kazini: Somo Juu ya Kumjengea Jirani Nyumba



Somo la mwezi huu lahusu kazi ya mikono. Katika nchi ya Marekani, na siku hizi katika nchi nyingine nyingi, iko desturi ya watu kutoa siku moja, mara nyingi Jumamosi, waende mahali panapojengwa nyumba ya mtu mwenye uwezo mdogo, wafanye kazi hapo bila ujira tangu asubuhi hata alasiri. Huja mwalimu wa shule, karani, muuguzi, mwanafunzi, mzee aliyestaafu, na mchungaji pia. Wengi wao hawajui hata kupigilia msumari. Sharika nyingi za Kilutheri za huko hushiriki kazi hiyo, na wageni wa kwetu wakizitembelea sharika rafiki, mara nyingine hualikwa kwenda pamoja nao. Kwa hiyo yafaa tuijue kazi hii: ilitoka wapi, yaendeshwaje, na sisi twaweza kujifunza nini kwayo.

Swali la somo letu ni hili: Mtu asiye fundi, ajaye siku moja tu kisha akaenda zake, amesaidia nini? Wako wasemao, Hakusaidia kitu, amejifurahisha moyo wake tu. Afadhali angalitoa fedha akakaa nyumbani. Wako wengine wamsifuo kana kwamba amejenga nyumba nzima kwa mkono wake. Tukiisha kutazama jinsi kazi yenyewe ilivyo, tutaona kwamba pande zote mbili zimekosa shabaha.

I. CHIMBUKO LA KAZI HII

Twende kwanza katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, karibu na mji mdogo uitwao Americus. Mwaka 1942 Clarence Jordan na mkewe Florence, pamoja na rafiki zao Martin na Mabel England, walianzisha shamba huko, wakaliita Koinonia. Neno hilo ni la Kiyunani, maana yake ni ushirika. Ndilo tulionalo katika Matendo ya Mitume 2:42. Jordan alikuwa amesoma kilimo, kisha akajifunza Agano Jipya katika Kiyunani hata akapata shahada ya udaktari. Katika shamba lile watu weusi na watu weupe walifanya kazi pamoja na kula meza moja. Siku zile jambo hilo lilikuwa chukizo kwa weupe wengi wa kusini. Katika miaka ya 1950 wenye maduka waliwagomea, wakakataa kuwauzia vitu na kununua mazao yao. Walipigwa risasi usiku, na kibanda chao cha biashara kando ya barabara kilibomolewa kwa baruti. Lakini hawakuhama.

Mwaka 1965 alifika hapo mwanasheria kijana, Millard Fuller, pamoja na mkewe Linda. Fuller alikuwa amepata utajiri mkubwa kabla ya kutimiza miaka thelathini, lakini ndoa yake ilikuwa karibu kuvunjika, maana hakuwa na nafasi ya jambo lo lote ila kutafuta fedha. Yeye na mkewe wakapatana kuuza mali yao na kuigawa, waanze maisha upya. Mwaka 1968 walirudi Koinonia, wakafanya shauri pamoja na Jordan. Pande zote za shamba waliona familia maskini, nyingi za watu weusi, zikikaa katika vibanda vilivyochakaa, mvua ikipita mapaani, pasipo maji wala choo ndani. Basi wakaweka mfuko wa fedha kwa ajili ya nyumba, na mwaka 1969 wakaanza kujenga. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule Jordan akafariki, naye hakuona kazi ile ikikua.

Jambo hili litatupendeza sisi Waafrika: jaribio kubwa la pili lilifanyika katika bara letu. Tangu 1973 hata 1976 Fuller na mkewe walikaa Mbandaka, mji ulio kando ya mto Kongo karibu na mstari wa ikweta, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko walisimamia kazi ya kufyatua matofali ya saruji, wakaanza kujenga mtaa wa nyumba kwa ajili ya watu wasio na makao mema. Mahali pale palikuwa na historia yake. Wakati wa utawala wa Wabelgiji uwanja ule ulikuwa umeachwa wazi, uwe mpaka kati ya makazi ya wazungu na makazi ya Waafrika. Ardhi iliyowekwa ili kutenga watu ndiyo iliyojengwa nyumba za watu.

Fuller aliporudi Marekani, katika mwaka 1976, kilianzishwa chama kiitwacho Habitat for Humanity, maana yake Makao kwa Wanadamu, mji wake wa kwanza ukiwa Americus. Katika miaka ya 1980 kazi yake ilifika pia Uganda, Kenya na Tanzania. Mwaka 2005 Fuller aliachana na chama hicho, na mwaka 2009 alifariki. Lakini kazi haikusimama, kwa maana haikujengwa juu ya mtu mmoja. Mwaka huohuo wa 2005 chama cha bima cha Walutheri wa Marekani, kiitwacho Thrivent, kilifanya mapatano na Habitat, nao Walutheri wengi wakavutwa kwenda kazini na nyundo mikononi.

II. NYUMBA SI SADAKA

Msomaji asije akadhani kwamba nyumba hizi hugawiwa bure. Tukilikosa jambo hili, tumelikosa somo zima.

Familia iombayo nyumba hutazamwa kwa mambo matatu. Kwanza, je, wana haja kweli? Yaani nyumba wanayokaa yavuja, au ina watu wengi kupita kiasi, au kodi yake yala mshahara wote. Pili, je, waweza kulipa kidogo kidogo kila mwezi? Tatu, je, wako tayari kufanya kazi kwa mikono yao? Wakikubaliwa, hufanya mamia ya saa za kazi, katika nyumba yao na katika nyumba za wenzao. Mama aliyemaliza zamu yake hospitalini au kiwandani huja Jumamosi kupaka rangi ukuta wa mtu mwingine, ambaye kesho atakuja kupaka wa kwake. Kisha hununua nyumba kwa mkopo wa miaka mingi. Tangu mwanzo mkopo ule ulikuwa pasipo faida kwa mkopeshaji, kama sheria ya Musa ilivyoagiza juu ya kumkopesha maskini, Kutoka 22:25. Siku hizi masharti ya mkopo hutofautiana mahali na mahali, lakini shabaha ni moja, kwamba malipo ya mwezi yasipite nguvu za familia. Huko Marekani kwa kawaida hayazidi asilimia 30 ya pato lao. Nazo fedha zinazolipwa hurudi kazini, zijenge nyumba nyingine.

Sasa twaweza kuliona jibu la kwanza la swali letu. Watu 15 wasio na ujira wakifanya kazi saa 6, hizo ni saa 90 zisizolipiwa. Saa hizo huondolewa katika gharama ya nyumba, na gharama ikipungua, deni la mwenye nyumba hupungua, na malipo yake ya mwezi hupungua kwa miaka ishirini au thelathini. Basi yule karani aliyeshika ubao wakati mwingine akipigilia msumari, yuko katika hesabu. Sehemu yake ni ndogo, lakini ni ya kweli. Kazi ya umeme, na ya mabomba ya maji, huachiwa mafundi wenye ruhusa ya serikali. Ile ya kubeba, kupima, kupigilia, kupaka na kufagia ndiyo wanayopewa wageni.

III. JINSI SIKU ILIVYO

Kazi huanza asubuhi mapema. Kila mtu huandika jina lake, hupewa kofia ngumu na miwani ya kukinga macho, na kutazamwa viatu vyake. Mwenye viatu vya wazi hurudishwa. Huko Marekani watoto wadogo hawaruhusiwi mahali pa ujenzi. Vijana wa miaka 16 na 17 huruhusiwa, ila hawapandi juu ya paa wala hawashiki misumeno ya umeme. Kisha msimamizi hueleza kazi ya siku na hatari zake, na mara nyingi huombwa sala fupi. Mwenye nyumba mwenyewe, kama yupo, hutambulishwa kwa jina lake, naye hushika nyundo kama wengine.

Nyumba nyingi za huko ni za mbao. Ukuta haujengwi ukiwa wima kama wa kwetu wa tofali. Hulazwa chini kwanza, mbao za kusimama zikipangwa juu ya sakafu na kupigiliwa kwenye ubao wa juu na wa chini; ukiisha, watu kumi au zaidi huuinua pamoja, mmoja akihesabu kwa sauti. Mbao hizo hupangwa kwa kipimo kimoja, inchi 16, toka katikati ya ubao hata katikati ya mwenzake. Kwa nini inchi 16? Kwa sababu mabamba ya kufunikia ukuta yana upana wa futi 4, yaani inchi 48, nazo 48 ni 16 mara tatu. Ubao ukikaa mahali pake, ukingo wa bamba huangukia juu yake, ukapata pa kupigiliwa. Ukipotoka inchi mbili tu, ukingo huning'inia hewani. Aliyekosea atakuwa amekwisha kwenda zake, lakini mwenziwe ajaye wiki ya pili atalazimika kubomoa.

Tena, kabla ya kuuinua ukuta, msimamizi hupima toka pembe moja hata pembe inayoikabili, kisha hupima pembe mbili zilizobaki. Vipimo vikilingana, na pande zikabilianazo zikiwa sawa, pembe zote ni za mraba. Visipolingana, ukuta umepinda, ingawa kwa macho waonekana mzuri. Mafundi wetu waijua njia hii, maana ndiyo wanayoitumia wakipanga msingi kwa kamba. Kipimo hakimstahi mtu. Hakiulizi kama aliyepigilia ni mchungaji au ni rais, wala kama alikuja kwa moyo mwema.

Hapa ndipo wengi hujifunza unyenyekevu. Mtu aliyezoea kuamuru ofisini huambiwa na kijana wa miaka ishirini ang'oe misumari yake yote, aanze tena. Akiwa na busara huing'oa. Nyumba si ya kuonyesha nia yake njema. Ni ya watoto watakaolala ndani yake mvua ikinyesha.

Tuna mfano wa mtu mkubwa aliyelijua jambo hili. Jimmy Carter alikuwa rais wa Marekani tangu 1977 hata 1981, na mji wake, Plains, uko karibu na Americus. Mwezi wa Septemba 1984 yeye na mkewe Rosalynn walisafiri kwa basi pamoja na wenzao mpaka New York, wakatengeneza jengo la orofa sita lililokuwa gofu. Tangu hapo walitoa muda wao kwa kazi hii kwa miaka zaidi ya thelathini, na katika majuma ya kazi yaliyoitwa kwa jina lao zilijengwa au kutengenezwa nyumba zaidi ya 4,000 katika nchi 14. Mwaka 2002 walifika Durban, Afrika ya Kusini, zikajengwa nyumba 100 katika juma moja. Mwezi wa Oktoba 2019, Carter akiwa na miaka 95, alianguka nyumbani kwake akashonwa juu ya jicho; jioni ya siku ileile alikuwa Nashville pamoja na wajenzi, na kesho yake akafanya kazi pamoja nao. Rosalynn alifariki mwaka 2023, naye Carter mwaka 2024, akiwa na miaka 100. Tuangalie hili: mzee wa miaka 95 hawezi kupanda paa. Alipewa kazi ya mtu wa miaka 95, naye hakuiona kuwa ndogo.

IV. WAJENZI WASIO WAJENZI

Tufungue sasa kitabu cha Nehemia, sura ya 3. Wasomaji wengi huiruka sura hii, maana ni orodha ya majina tu. Lakini tuisome polepole, tutazame kazi za watu wale. Wako makuhani, mst. 1. Yuko mfua dhahabu, na wa pili wake ni mtengenezaji wa marhamu, mst. 8. Wako wafanya biashara, mst. 32. Wako binti za Shalumu, waliofanya kazi pamoja na baba yao, mst. 12. Ni wangapi kati yao walikuwa waashi? Mkono uliozoea kupima manukato ulishika jiwe na chokaa. Na ukuta ulikwisha katika siku 52, Nehemia 6:15.

Kwa habari ya binti za Shalumu, na tuongeze kwamba mwaka 1991, katika mji wa Charlotte jimboni North Carolina, nyumba moja ya Habitat ilijengwa na wanawake, na tangu hapo wanawake wengi wamejifunza kazi hiyo katika vikundi vyao. Mtu asiseme kwamba nyundo ina jinsia.

Tutazame tena mst. 5. Watu wa Tekoa walijenga, lakini wakuu wao walikataa kuinama shingo zao kazini. Maandiko hayasemi walikuwa wagonjwa au walikuwa safarini. Waliona kazi haiwafai. Nao watu wao, wale wadogo, walipomaliza sehemu yao walitengeneza sehemu nyingine, mst. 27. Jina la wakuu hao halikuandikwa. Kosa lao liliandikwa.

Hili ndilo jibu la pili la swali letu. Siku moja ya kazi humweka mtu mahali asipozoea kukaa, bega kwa bega na jirani ambaye angalimpita njiani. Mtoaji wa fedha hamjui aliyepokea, wala mpokeaji hamjui aliyetoa. Kati yao liko daftari. Lakini waliobeba ubao mmoja, huyu mbele na huyu nyuma, wamejuana. Mwenye nyumba amemwona tajiri akikosea msumari na kucheka. Tajiri amemwona mwenye nyumba akiwa stadi kuliko yeye. Heshima imepita pande zote mbili. Katika Georgia ya miaka ya 1960, ambapo weusi na weupe hawakuketi pamoja hata kanisani, jambo hili halikuwa dogo, wala halijawa dogo leo mahali po pote palipo na watu wasiokula pamoja.

Walutheri tunalo fundisho letu kwa habari hii. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther akieleza ombi la mkate wa kila siku, aliihesabu nyumba pamoja na chakula na mavazi. Na akieleza amri ya saba hakuishia kukataza wizi. Alifundisha kwamba twapaswa kumsaidia jirani ili mali yake na maisha yake yahifadhike na kusitawi. Kwa mafundisho hayo, mtu asiyemwibia jirani hata senti moja, lakini akamwacha chini ya paa livujalo hali aweza kusaidia, hajaishika bado amri ya saba. Wala hatujengi ili tupate wokovu, kana kwamba misumari yaweza kununua neema. Twajenga kwa kuwa jirani hana nyumba.

V. HATARI ZA KUANGALIA

Lakini tusifiche upande wa pili, maana kila jambo jema lina kivuli chake.

Hatari ya kwanza ni kuja kwa ajili ya nafsi. Mtu huja akapigwa picha na nyundo, akafanya kazi kidogo, akarudi na habari nyingi. Mwenye nyumba huisikia ladha ya jambo hilo upesi kuliko tunavyodhani. Maskini hana macho mabovu.

Hatari ya pili ni kuja mahali ambapo mikono haina upungufu. Wako watu wanaosafiri mbali kwa ndege kwenda kujenga katika nchi ambamo waashi stadi wamekaa bila kazi. Nauli ya mgeni mmoja ingaliweza kulipa mishahara ya mafundi kwa siku nyingi. Je, wasiende kamwe? Hatusemi hivyo, kuonana uso kwa uso kuna faida yake. Lakini waende wakijua kwamba wao ndio wanaojifunza, na fundi wa mahali pale awe juu yao, alipwe haki yake. Siku ya kujitolea isimnyang'anye mtu mkate.

Hatari ya tatu ni kusahau. Siku moja huweza kuwa mlango, au huweza kuwa pazia. Kwa mwingine ni mlango: ameona jinsi mama mwenye watoto watatu alivyofanya kazi mbili na bado akashindwa kulipa kodi, naye huanza kuuliza kwa nini iko hivyo katika mji wake. Kwa mwingine ni pazia: amekwisha kutoa Jumamosi yake, sasa dhamiri yake imelala hata mwaka ujao. Siku ni ileile. Tofauti iko katika Jumatatu yake.

VI. KWETU SISI

Kazi hii si ngeni kwetu. Wazee wetu walijenga kwa bia. Katika Upare na Usambaa watu huitana kwa msaragambo, na mahali pengine husema ujima. Jirani waliezeka nyumba ya mtu kwa siku moja, naye kesho akaenda kuezeka ya wenziwe. Lakini mijini desturi hii imelegea, na hata vijijini nyumba ya bati na saruji yataka fedha, wala majani ya porini hayatoshi tena. Basi usharika ukitaka kumjengea mjane au yatima nyumba, na uyaangalie mambo haya:

1. Mwenyewe aulizwe kwanza. Ajenge pamoja nasi kwa kadiri ya nguvu zake, hata kama ni kuteka maji tu. Mtu anayejengewa kana kwamba ni mtoto hupata nyumba na kupoteza heshima.

2. Kiwanja kijulikane ni cha nani. Nyumba ikisimama katika kiwanja cha shemeji, siku ya ugomvi mjane atatolewa nje, nasi tutakuwa tumemjengea shemeji. Katika Tanzania, sheria za ardhi za mwaka 1999 zampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Wazee wamsaidie kupata hati yake kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

3. Fundi awe mmoja, na neno lake lifuatwe, hata na mchungaji. Wajenzi ishirini wenye mashauri ishirini hujenga ukuta uliopinda.

4. Vifaa vihesabiwe na kufika kabla ya watu. Usharika mzima ukikusanyika, kisha saruji haijaletwa, siku imekufa, na wengi hawatarudi tena.

5. Majira yachaguliwe. Ukuta wa tofali mbichi ukiachwa bila paa, masika huurudisha kuwa udongo. Afadhali chumba kimoja chenye paa kuliko vinne visivyo nalo.

6. Uhai ulindwe. Sheria ya Musa iliagiza mwenye nyumba ajenge ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka, Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu aliyejali ukingo wa dari ajali pia ngazi mbovu na jukwaa lililofungwa ovyo. Watoto wasicheze chini ya wafanyao kazi juu.

7. Chakula kiletwe na wafanya kazi. Tusile akiba ya mjane kwa jina la kumsaidia.

8. Siku ya kumkabidhi nyumba, maneno yawe machache. Aombewe, apewe ufunguo wake, kisha twende zetu tumwache afunge mlango wake mwenyewe.

Basi twaweza kulijibu swali la mwanzo. Mtu asiye fundi, ajaye siku moja, hakujenga nyumba. Amebeba mbao chache, amepigilia misumari kadhaa, na baadhi yake ameing'oa tena. Lakini kama alikubali kuongozwa, na kama kazi yake ndogo ilikuwa nyofu, nyumba haikukamilika pasipo yeye, kama vile ukuta wa Yerusalemu haukukamilika pasipo mtengenezaji wa marhamu. Wala hakuna atakayeiona sehemu yake, kwa kuwa imefunikwa na bamba na rangi. Imo ndani ya ukuta, imeshika.

MASWALI YA KUJIFUNZA PAMOJA

1. Soma Nehemia 3:1–12. Ni kazi gani za watu zilizotajwa? Katika usharika wetu, ni kazi gani zinazofanana na hizo?

2. Kwa nini nyumba za Habitat hulipiwa, wala hazigawiwi bure? Je, ni afadhali hivyo? Toeni sababu za pande zote mbili.

3. Wakuu wa Tekoa walikataa kuinama. Ni nani kati yetu anayeona kazi ya mikono haimfai, na kwa nini?

4. Mtu akisema, Mimi hutoa fedha, yatosha, tutamjibu nini kwa upole?

5. Katika mtaa wetu, ni nyumba ya nani inayovuja sasa? Kiwanja chake ni cha nani? Mwalimu asilipite swali hili mpaka lijibiwe kwa jina, na siku ya kazi iandikwe kabla ya kufunga kwa sala.